Mbegu ya viazi inayoukinza ukungu: ipi itadumu shambani?

Mwulize muuza mbegu yeyote, awe Ol Kalou au Makambako, akupe viazi visivyotishwa na ukungu. Atakutajia majina matatu manne, na kwa kila moja atakwambia, "Hii inastahimili." Hakudanganyi. Ila hajakwambia inastahimili kwa njia gani, na tofauti kubwa iko hapo. Kuna mbegu inayoukataa ukungu katakata kwa misimu michache, halafu mwaka mmoja shamba zima likaungua kama lililomwagiwa maji ya moto. Na kuna mbegu ambayo madoa utayaona kila msimu na utanung'unika kila msimu, lakini miaka kumi baadaye bado unavuna. Anayetazama usafi wa majani peke yake atanunua ya kwanza.

Imechoka mbegu, au ukungu umeizoea?

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kiazi hupandwa kwa kiazi. Chukua aina iitwayo Tigoni: kila Tigoni iliyoko ardhini leo ni nakala ya ile iliyoidhinishwa Kenya mwaka 1998, jeni kwa jeni. Ikiwa wakati ule ilihimili ukungu na leo inaungua, basi si yenyewe iliyobadilika. Aliyebadilika ni adui.

Wakulima husema mbegu "imechoka", na mara nyingi wanasema kweli, lakini huo ni mkosi mwingine kabisa. Mbegu huchoka kwa sababu ya virusi, na bakteria wa mnyauko, wanaorundikana ndani yake kila unapochagua vile vidogo vya mavuno yaliyopita na kuvirudisha shambani. Mavuno hushuka kidogo kidogo, majani hujikunja, viazi hupungua ukubwa. Dawa yake ni mbegu mpya iliyothibitishwa. Ukungu uliokwisha kuizoea aina fulani hautibiwi na mbegu mpya ya aina ileile, hata ungeinunua kwa bei gani.

Ukitaka kujua kipi kimekupata, panda mistari miwili ya mbegu mpya iliyothibitishwa kando ya ile yako ya nyumbani. Aina moja, siku moja, mbolea moja, dawa moja. Mipya ikistawi na ya nyumbani ikadumaa, mbegu yako ndiyo iliyochoka. Zikiungua zote sawia mvua inapokolea, acha kulinunua jina hilo kwa sababu ya sifa yake ya zamani.

Ukungu ninaousema ni ule wa bakajani chelewa, Phytophthora infestans kwa jina la kitaalamu. Tunauita kuvu kwa mazoea, ingawa kwa nasaba uko karibu na baadhi ya mwani kuliko kuvu. Ndio uliofuta viazi vya Ireland kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine wengi kama hao wakahama nchi. Kwetu Afrika Mashariki uliingia mwaka 1941, ukiwa ndani ya mbegu iliyoletwa kutoka Uingereza.

Asubuhi yenye umande, pindua jani lenye doa la kahawia. Pembeni mwa doa, upande wa chini wa jani, utaona utando mweupe mwembamba. Jua likipanda utakuwa umepotea, ndiyo maana anayekagua shamba saa sita mchana huambulia nusu ya habari. Utando huo ni spora. Doa moja hutoa maelfu, na tangu spora itue kwenye jani bichi hadi doa jipya lianze kutoa spora zake mwenyewe ni siku nne hadi saba hivi, hali ya hewa ikiupendelea. Msimu wa miezi mitatu unabeba vizazi zaidi ya kumi. Ulaya, majira ya baridi huua majani yote na ukungu hubaki umejificha kwenye viazi vichache vilivyotupwa. Nyanda zetu za juu hazina likizo hiyo. Kinangop wakivuna, kwingine wanapalilia, na viazi vya kujiotea vimejaa kila kona. Katika mabilioni hayo ya spora kila moja ina nafasi ndogo sana ya kukosea inapojinakili. Kosa likiwa na faida, upepo hulisambaza.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuza mbegu, au la kujiuliza mwenyewe kama yeye hajui, ni hili: ukungu unahitaji makosa mangapi ya bahati kabla haujaishinda mbegu hii?

Jeni moja kubwa: safi mpaka siku inapoanguka

Ukungu ukipenya kwenye seli ya jani huingiza humo protini zake, kazi yake kuzima ulinzi wa mmea. Jenomu ya ukungu, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilichapishwa mwaka 2009: herufi zipatazo milioni 240, na ndani yake zaidi ya jeni 500 za kundi moja tu la protini hizo za uvamizi. Cha kutia wasiwasi ni mahali zilipo. Nyingi zimekaa katika sehemu zilizojaa vipande vinavyojirudia, sehemu ambazo hukatika na kujipanga upya kwa urahisi, ilhali jeni za kazi za kawaida zimetulia penye usalama. Ghala la silaha limejengwa mahali panapobadilika haraka kuliko pengine pote.

Kiazi chenye jeni kubwa ya ukinzani huwa na uwezo wa kuitambua mojawapo ya protini hizo. Kikiitambua, seli iliyoingiliwa hujiua palepale. Ukungu huu mwanzoni huhitaji seli iliyo hai, hivyo unakwama na kufa njaa. Kwa macho utaona kitone cheusi kidogo tu, au usione kitu. Mkulima anapenda shamba la namna hiyo, na ana haki.

Lakini kinachotambuliwa ni kitu kimoja, na ukungu umeshaonyesha njia zaidi ya moja za kukificha. Dhidi ya jeni iitwayo R1, koo nyingi za ukungu zimeitupa kabisa ile jeni iliyokuwa ikiwasaliti. Dhidi ya R3a hazikuhitaji hata kutupa: zilibadilisha viungo viwili tu vya protini husika, kiazi kikashindwa kuiona, na protini ikaendelea na uharibifu wake. Dhidi ya nyingine, Rpi-vnt1, zimeonekana koo zilizoiacha jeni mahali pake bila kuiharibu, zikaizima tu isisomwe. Kujificha kwa hatua moja.

Haya si ya maabara peke yake. Katika karne ya 20 wazalishaji wa mbegu walichukua jeni kubwa kutoka kiazi mwitu cha Mexico, Solanum demissum, zikapewa namba R1 hadi R11, na matumaini yakawa makubwa. Scotland ilitoa aina iitwayo Pentland Dell yenye tatu kati yake, R1, R2 na R3. Iliingia mashambani miaka ya 1960, na muongo huohuo haukuisha kabla ukungu haujaivunja. Ishike hiyo idadi ya jeni tatu, tutairudia.

Tigoni na Asante, kisha Sherekea na Kenya Mpya

Hapa ndipo ulinganisho unapomgusa mkulima wetu moja kwa moja, na mbegu hizi nne nitazikalia zaidi.

Zote asili yake ni kazi ya Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, zikajaribiwa na kuidhinishwa Kenya kupitia kituo cha utafiti cha Tigoni, huko Limuru. Tigoni na Asante ni ndugu wa tumbo moja, zote za 1998. Zilitoka kwenye kundi la uzalishaji lililoitwa A. Kundi hilo lilichanganya jeni ndogo nyingi za kupunguza kasi ya ukungu pamoja na jeni kubwa ambazo hakuna aliyejua ni zipi na ziko ngapi. Shida ya mchanganyiko huo ni kwamba jani likiwa safi kwenye shamba la majaribio, huwezi kujua limelindwa na nani. Huenda jeni moja kubwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote, na chini yake hakuna kitu cha maana. Siku ukungu unapoikwepa hiyo, ndipo unapogundua.

Ndiyo sababu kituo hicho kilianza kundi la B mwaka 1990, kikaziondoa jeni kubwa kwa makusudi. Chochote kilichoonekana kikihimili ukungu katika kundi B kilikuwa kazi ya jeni ndogo nyingi zinazosaidiana. Sherekea na Kenya Mpya, zilizoidhinishwa 2010, ni uzao wa mkondo huo.

Shambani tofauti ni hii. Kwenye Sherekea doa litatokea. Litakua polepole, litatoa spora chache, na litachelewa siku kadhaa kabla ya kuzitoa. Kila mzunguko wa ukungu unarefuka kidogo, na mizunguko kumi ikirefuka, msimu unaisha mmea bado una majani ya kulisha viazi vyake. Kwa upande wa ukungu hakuna kosa moja la bahati litakalofungua mlango wote. Kila mabadiliko yanaupa faida ndogo, na faida ndogo husambaa taratibu. Sisemi ukinzani wa aina hii hauliki. Unaliwa, lakini kwa kumomonyoka, na mmomonyoko unakupa muda wa kuuona na kuongeza dawa kabla hujala hasara.

Tigoni na Asante leo hazina tena heshima ile ya mwishoni mwa miaka ya 1990 mbele ya ukungu. Katika kipindi hichohicho ukungu wenyewe ulibadilishwa. Ukoo wa zamani uitwao US-1, uliotawala viazi vyetu kwa miongo mingi, umesukumwa kando na ukoo uitwao 2_A1 wenye asili ya Ulaya. Watafiti waliripoti mabadiliko hayo kwa Kenya na Uganda mwaka 2016, na upimaji uliofuata ukaukuta ukoo huo umetanda kwenye viazi vya Rwanda, Burundi na Tanzania pia. Mbegu iliyopimwa dhidi ya ukoo mmoja ikakutana na mwingine. Jambo kama hilo lilitokea Ulaya: ukoo wa 13_A2, ulioonekana Uholanzi mwaka 2004, ulienea mpaka Uingereza, na aina zilizokuwa na alama nzuri kwenye vitabu vya mbegu zikashushwa daraja.

Sasa upande mchungu wa Sherekea. Ukinzani wa jeni ndogo mara nyingi huambatana na kuchelewa kukomaa. Kwenye kromosomu ya tano ya kiazi, mahali panapoamua muda wa kukomaa ni palepale, au jirani kabisa, na panapochangia kuhimili ukungu. Wazalishaji wamehangaika kuvitenganisha. Matokeo yake Sherekea itakuomba karibu miezi minne, wakati mwenzio aliyepanda Shangi, aina inayokomaa upesi, amevuna, ameuza, na anatafuta trekta la kulima tena. Isitoshe, ngozi yake ni nyekundu, na kuna masoko ambako dalali hataki kuisikia nyekundu hata ukimpunguzia bei.

Shangi: unanunua mbegu pamoja na dawa

Shangi haikuzaliwa kwa mpango wa serikali. Ilitoka mkono kwa mkono baina ya wakulima, ikawa imeteka soko la Kenya kabla ya kuidhinishwa rasmi mwaka 2015. Sababu ziko wazi: inakomaa chini ya miezi mitatu, inaiva upesi jikoni, na wenye vibanda vya chipsi wanaifahamu. Kulala kwake ni kufupi mno, baada ya wiki chache imeshachipua, jambo linalomfurahisha anayetaka kupanda mara tatu kwa mwaka na kumtesa anayetaka kuweka akiba.

Mbele ya ukungu Shangi ni dhaifu. Anayeipanda msimu wa mvua za masika ameamua kupiga dawa, tena kila wiki mvua ikikaza, na hesabu yake lazima iwe na gharama ya dawa, maji, na kibarua wa kubeba pampu. Ni uamuzi halali. Ninachokataa ni kuuita "mbegu ya bei nafuu".

Tena, dawa nazo huzoeleka kwa kanuni ileile ya jeni. Metalaksili, ile inayopenya ndani ya mmea, hushambulia mahali pamoja tu katika mwili wa ukungu. Iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia 1980 mashamba ya Ireland na Uholanzi yalikuwa tayari na ukungu usioijali. Mankozebu ni dawa ya nje, hukaa juu ya jani na kuugonga ukungu sehemu nyingi kwa pamoja. Imetumika tangu miaka ya 1960 na haijapata kuzoeleka kwa namna hiyo. (Haina maana ni maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali chake mwishoni mwa 2020 kwa sababu za afya na mazingira, kwa hiyo glavu na barakoa si mapambo.) Ulaya, ukoo wa 37_A2 ulijipatia jina kwa kuishinda fluazinamu, dawa iliyokuwa ikiaminika miaka mingi.

Mwenye Shangi anayerudia dawa moja ya kupenya msimu mzima, kwa sababu ndiyo aliyoizoea dukani, anaufundisha ukungu. Majirani wake wenye Sherekea watauvuna ukungu huohuo.

Jeni tatu za mwitu kwa pamoja

Chaguo la nne halijafika dukani, lakini linazungumzwa mno, nalo linastahili kuwekwa kwenye mizani. Watafiti wa Lima na wenzao wa Uganda waliichukua Victoria, ambayo kwa kweli ni Asante ileile ya Kenya chini ya jina la Uganda, wakaiwekea jeni tatu kubwa kwa uhandisi jeni: mbili kutoka Solanum bulbocastanum, kiazi mwitu cha Mexico, na moja kutoka Solanum venturii, cha Argentina. Iliwekwa kwenye majaribio ya uwanjani sehemu tatu za Uganda kwa misimu mitatu, na matokeo yalichapishwa 2019: haikushambuliwa na ukungu wa huko bila kupigwa dawa. Kenya nayo imejaribu jeni hizohizo ndani ya Shangi, Tigoni na Asante.

Kwa nini kutumia uhandisi? Kwa njia ya kupandisha maua, jeni moja tu kati ya hizo ilichukua kama miaka 46 kufika kwenye viazi vya kuuzwa, aina za Kiholanzi ziitwazo Bionica na Toluca, kwa sababu kiazi mwitu hicho cha Mexico hakipandani na kiazi cha kawaida bila kupitia madaraja kadhaa. Na kwa jeni tatu kwenye aina ambayo soko tayari linaipenda, njia ya maua haiwezi kabisa kukupa Shangi ileile mwishoni.

Msomaji makini ataniuliza: Pentland Dell nayo si ilikuwa na jeni tatu? Ndiyo, na ilianguka. Tofauti ninayoiona ni kwamba R1, R2 na R3 ni ndugu kutoka kiazi mwitu kimoja ambacho ukungu wa Mexico umeishi nacho na kuzoeana nacho tangu zamani, na koo zenye kuzikwepa hazikuwa adimu. Jeni za Victoria mpya hazijawahi kupandwa moja moja katika mashamba yetu. Ili ukungu ushinde, lazima spora moja ipate makosa matatu kwa mkupuo, na uwezekano wa hilo ni mdogo mno.

Mdogo, ilimradi pasiwe na ngazi. Mtu akija kuuza aina yenye jeni moja tu kati ya hizo tatu, kwenye bonde hilohilo, ukungu utajifunzia kwake hatua ya kwanza kwa urahisi, na zitabaki mbili. Tena, protini inayotambuliwa na ile Rpi-blb1, mojawapo ya zile mbili za Solanum bulbocastanum, ina ndugu mmoja anayejulikana, IPI-O4, ambaye si tu kwamba hatambuliki, bali humzuia mlinzi asifanye kazi. Uwezo wa kuipita upo kabla mbegu haijauzwa.

Uholanzi waliliona hilo mapema. Katika mradi wao wa viazi vyenye jeni zilizorundikwa, uliokamilika 2015, hawakuacha kabisa dawa. Walifuatilia koo za ukungu na kupiga dawa pale tu ilipobidi, na matumizi ya dawa yakashuka kwa zaidi ya asilimia 80. Ikija hapa nitaipanda, ila sitaacha dawa kabisa. Sheria nayo ni kikwazo: muswada wa usalama wa bayoteknolojia wa Uganda ulipitishwa na bunge mwaka 2017 na Rais Museveni akaurudisha, na Kenya ilipoondoa marufuku ya vyakula vya aina hiyo Oktoba 2022, kesi zilifuata mahakamani.

Pahali ambapo jeni moja inatosha

Isije ikadhaniwa nimeihukumu jeni moja kwa kila ugonjwa. Inategemea adui anaishije. Mwaka 2015 Kenya iliripoti nematodi wa viazi aitwaye Globodera rostochiensis, mnyoo mdogo wa udongoni anayeacha vijifuko vidogo vya rangi ya dhahabu kwenye mizizi. Huyu haruki kwa upepo. Anasafiri kwa udongo wa jembe, wa gumboot na wa mbegu, na kwa kawaida hupata kizazi kimoja kwa zao moja. Uingereza imepanda Maris Piper, yenye jeni moja iitwayo H1, tangu 1966, na nematodi huyo wa dhahabu ameshindwa kuizoea kwa zaidi ya nusu karne.

Kilichotokea badala yake ni mwingine kuchukua nafasi. Jamaa yake, Globodera pallida, ambaye H1 haimgusi kabisa, aliongezeka mpaka akawa ndiye tatizo kubwa la Uingereza. Kwa hiyo mwenye nematodi wa dhahabu shambani na apande aina yenye H1 kwa moyo mweupe, huku akipeleka udongo kupimwa kila baada ya misimu kadhaa ajue ni spishi ipi iliyobaki. Kwa virusi vya Y pia kuna jeni kubwa moja moja zilizodumu miongo mingi. Ukungu ndio usioaminika.

Upande ipi

| Mbegu | Inavyoukinza ukungu | Inavyoweza kuanguka | Inakufaa ukiwa |
|---|---|---|---|
| Shangi | Haba, inategemea dawa | Dawa ikizoeleka | na soko karibu na pesa ya dawa |
| Tigoni, Asante | Mchanganyiko usiojulikana | Imeshapungua | na mnunuzi anayeitaka kwa jina |
| Sherekea, Kenya Mpya | Jeni ndogo nyingi | Kumomonyoka taratibu | na muda, na mfuko mwembamba |
| Victoria ya jeni tatu | Kamili kwa sasa | Ghafla, ikitumiwa vibaya | unasubiri, haijauzwa |

Jedwali halijui shamba lako, kwa hiyo niseme ninavyoona mimi.

Kama uko juu sana, penye ukungu wa hewa tangu asubuhi hadi saa tano, na huna uhakika wa pesa ya dawa katikati ya msimu, panda Sherekea au Kenya Mpya msimu wa mvua ndefu. Piga mankozebu kabla ya doa la kwanza na mara chache baada ya hapo. Doa halitakuua. Msimu wa mvua fupi, ukungu unapokuwa mwepesi, sehemu ya shamba iweke Shangi upate pesa ya haraka. Mpangilio huu naupenda kuliko wa kuweka shamba zima chini ya jina moja mwaka mzima, kwa sababu ukungu haupati chakula cha aina moja bila kukatizwa.

Kama una mkataba na kiwanda cha krispi, mazungumzo haya yote ni ya pembeni. Kiwanda kitakuchagulia mbegu, na ukinzani wa ukungu si jambo la kwanza kwenye orodha yao. Hakikisha tu bei ya mkataba imebeba gharama ya dawa.

Kama jirani zako wote wana Shangi na wewe peke yako unataka Sherekea, utapata spora zao kwa wingi mno kiasi kwamba faida ya mbegu yako itapungua. Haitaisha. Zungumza nao walau mpige dawa wiki moja na mbadilishe aina za dawa, ya kupenya ikifuatwa na ya nje.

Na mtu akikuletea mbegu kutoka nje ya nchi kwa njia za panya, akikuapia kwamba huko ilikotoka haiguswi na ukungu, mwache aende nayo. Ukungu wote wa viazi uliopimwa katika nchi zetu ni wa jinsia moja, A1, kwa hiyo hujinakili tu bila kuoana. Jinsia ya pili, A2, imeshaonekana kaskazini mwa Afrika. Zikikutana huzaa mayai magumu yanayokaa udongoni miaka, na watoto wenye michanganyiko mipya kila msimu. Hapo hesabu yote ya makosa mangapi ya bahati niliyoifanya hapo juu itabidi ifanywe upya, hata kwa Sherekea.